Kiti cha Eskom: Brian Molefe alivyoingia, akatoka na kurudi mbele ya macho ya serikali

Jumatatu, 15 Mei 2017, Brian Molefe aliingia tena Megawatt Park, makao makuu ya shirika la umeme la Afrika Kusini, Eskom, kaskazini mwa Johannesburg, kushika kiti cha mtendaji mkuu. Miezi sita nyuma alikuwa ametangaza kwamba anaondoka, na akasema anafanya hivyo kwa maslahi ya utawala bora. Katikati hapo, Februari, aliapishwa kuwa mbunge wa ANC, kisha akauachia ubunge siku moja kabla ya kurudi ofisini. Hakukaa. Tarehe 2 Juni alikuwa nje tena, safari hii kwa kuondolewa.

Kisa hiki kimeelezwa mara nyingi kama sakata la familia ya Gupta, wafanyabiashara waliokuwa karibu na Rais wa wakati huo, Jacob Zuma, na la Zuma mwenyewe, na ni kweli hao wamo. Mimi nakirejea kwa sababu nyingine. Eskom ina mwanahisa mmoja tu, nayo ni serikali. Mamlaka ya kumteua mtendaji mkuu yalikuwa mikononi mwa Waziri wa Mashirika ya Umma, na Baraza la Mawaziri nalo lilihusishwa. Bodi ilikuwepo, Bunge lilikuwepo, kamati zilikuwepo. Kila mara mashirika ya umma yanapoharibika, dawa ya kwanza kutajwa ni kwamba serikali iongeze usimamizi wa uteuzi. Eskom haikupungukiwa na usimamizi wa aina hiyo hata siku moja. Ilipungukiwa na mtu wa kuuliza maswali mawili ambayo barua ya uteuzi haiyagusi: kiti hiki kimekuwaje wazi, na anayekikalia atatoka kwa masharti gani?

Nani anamteua nani

Tangu sheria ya 2001 iliyoigeuza Eskom kuwa kampuni, shirika hilo linaendeshwa chini ya sheria za makampuni, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 1999, na katiba yake yenyewe ya kampuni. Kwa ufupi, Waziri anateua bodi. Bodi inatafuta mtendaji mkuu na kumpelekea Waziri majina. Waziri anateua.

Msomaji wa Tanzania aliyezoea kusoma uteuzi na utenguzi kwenye taarifa za Ikulu zinazotoka usiku ataona mfumo huu una ngazi nyingi zaidi, na huenda akauonea wivu. Ni vizuri atazame ngazi zenyewe zimesimama juu ya nini. Anayepokea mapendekezo ndiye aliyewachagua wanaopendekeza. Akiwa na nia njema, mzunguko huo hauna madhara. Asipokuwa nayo, au akiwa chini ya shinikizo la mkubwa wake, bodi inabaki kuwa mahali pa kupigia muhuri jina lililokwisha pangwa, na karatasi zote zitaonekana safi.

Waziri wakati huo alikuwa Lynne Brown. Desemba 2014 aliipa Eskom bodi mpya. Miezi mitatu baadaye ndipo mambo yalipoanza.

Machi 2015: kiti kinatafutiwa nafasi

Nchi ilikuwa gizani. Novemba 2014 ghala la makaa ya mawe la kituo cha Majuba lilikuwa limeporomoka, mgawo wa umeme ulikuwa umerejea kwa kishindo, na ujenzi wa kituo cha Medupi ulikuwa umechelewa kwa miaka. Mtendaji mkuu, Tshediso Matona, alikuwa na miezi mitano tu ofisini.

Tarehe 8 Machi 2015 ulifanyika mkutano kwenye makazi ya Rais mjini Durban. Mwenyekiti wa bodi ya Eskom, Zola Tsotsi, aliitwa huko. Kwa ushahidi alioutoa baadaye mbele ya kamati ya Bunge na mbele ya Tume ya Zondo, iliyochunguza namna mashirika ya umma yalivyotekwa na maslahi binafsi, alimkuta Dudu Myeni, ambaye alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shirika la ndege na hakuwa na wadhifa wowote Eskom, na Rais Zuma mwenyewe alihudhuria. Ajenda ilikuwa kuanzisha uchunguzi wa hali ya Eskom na kuwasimamisha kazi watendaji wa juu ili uchunguzi usiingiliwe.

Naomba msomaji akae kidogo hapa, maana hapa ndipo penye uzito wote wa kisa. Kesho yake, tarehe 9, bodi ilikutana na haikukubali. Wajumbe walitaka maelezo. Hoja haikuwa na nyaraka za kuitegemeza, na hakuna aliyeweza kusema watendaji wale wamekosa nini. Hicho ndicho tunachotaka bodi ifanye, na kwa siku moja bodi ya Eskom ilikifanya.

Tarehe 11 Waziri alikuja kukutana na wajumbe. Brown ameshikilia kwamba hakumwamuru mtu amsimamishe mtu. Hata hivyo, siku hiyo hiyo bodi iliyokuwa imesita ikabadili msimamo na kuwasimamisha watu wanne: Matona, mkurugenzi wa fedha Tsholofelo Molefe, ambaye si ndugu wa Brian, Dan Marokane aliyesimamia miradi mikubwa, na Matshela Koko wa teknolojia na biashara. Hakuna aliyetuhumiwa kwa kosa. Bodi yenyewe ilisema hadharani kwamba hatua hiyo si adhabu.

Nikiulizwa serikali ilipaswa kusimamia wapi, nitaonyesha siku hizo tatu, kati ya tarehe 8 na 11. Kumsimamisha mtendaji mkuu bila tuhuma ni uamuzi mzito kuliko kumteua mwingine, kwa sababu ndio unaozaa nafasi ya uteuzi unaofuata. Lakini sheria na taratibu zimejaa masharti ya kuingia: sifa, usaili, upekuzi, idhini ya Baraza. Kwenye kuwatoa watu, taratibu zikawa nyepesi kiasi kwamba mazungumzo ya makazi ya Rais yaliweza kuwa azimio la bodi ndani ya siku tatu.

Kabla Machi haijaisha, Tsotsi naye alikuwa ameng'olewa, na Ben Ngubane akakalia kiti cha mwenyekiti. Watendaji watatu kati ya wanne walilipwa fidia wakaondoka. Uchunguzi ulioandikwa na mawakili wa Dentons ulikamilika baada ya wao kwenda zao. Aliyerudi kazini ni Koko peke yake.

Kuazimwa

Aprili 2015 Waziri akatangaza kwamba Brian Molefe, mtendaji mkuu wa shirika la reli na bandari, Transnet, anaazimwa Eskom kukaimu. Siku za dharura huwa hakuna anayegombana na kaimu. Umeme unakatika, mtu mwenye jina kubwa anapatikana ndani ya serikali ileile, mnangoja nini? Kufikia Oktoba alikuwa amethibitishwa kuwa mtendaji mkuu kamili. Mkurugenzi wa fedha wa Transnet, Anoj Singh, naye alikuwa amemfuata Eskom kukalia kiti kilichoachwa na Tsholofelo Molefe.

Ukaimu ndio mlango wa uani wa uteuzi. Anayekaimu miezi sita anaingia kwenye mchujo akiwa tayari ameshika funguo, anaijua bodi, ameshazungumza na wakopeshaji, na kumpita kunaonekana kama kuvuruga kazi inayoendelea. Kenya na Tanzania tunao makaimu wa mashirika wanaokaa hadi watu wanasahau kwamba ni makaimu. Kwa hiyo sheria inayosimamia uteuzi wa kudumu na kuuacha ukaimu uamuliwe kwa simu inasimamia nusu ya kazi.

Hata huko Transnet Molefe alikotoka, njia ilikuwa na alama zake. Desemba 2010 gazeti la The New Age, mali ya familia ya Gupta, liliandika kwamba yeye ndiye atakayekuwa mtendaji mkuu wa Transnet. Februari 2011 akateuliwa. Kabla ya hapo, kati ya 2009 na 2010, waziri wa wakati huo, Barbara Hogan, alikuwa amepigana vita ya peke yake: bodi ilimpendekeza Sipho Maseko, naye akamuunga mkono, lakini Rais Zuma alimtaka Siyabonga Gama, aliyekuwa akikabiliwa na mashtaka ya kinidhamu. Transnet ikakaa bila mtendaji mkuu wa kudumu kwa zaidi ya mwaka. Hogan akaondolewa uwaziri mwishoni mwa Oktoba 2010, Malusi Gigaba akaingia, na uteuzi ukafanyika chapuchapu. Gama, aliyekuwa amefukuzwa kazi 2010, alirejeshwa 2011, na Molefe alipokwenda Eskom ndiye aliyekaimu Transnet na hatimaye akapewa kiti chenyewe 2016.

Namtaja Hogan kwa heshima. Alifanya kile ambacho kila kitabu cha utawala bora kinamwambia waziri afanye, na malipo yake yakawa kutoka. Wanaosema tatizo ni kukosa mawaziri wenye msimamo wajue kwamba alikuwepo mmoja.

Taa ziliwaka

Wafuasi wa Molefe wana hoja, na si hoja ya kupuuza. Kuanzia mwishoni mwa 2015 mgawo wa umeme ulikoma, na kwa muda mrefu wananchi wakalala taa zikiwaka. Kwa mwenye saluni au mashine ya kusaga, hilo lina uzito kuliko maazimio ya bodi. Alikuwa mtu mwenye uwezo, aliyewahi kuongoza shirika linalowekeza fedha za pensheni za watumishi wa umma, na hata wapinzani wake hawakumwita mjinga.

Sababu za taa kuwaka zilikuwa nyingi: mtambo wa kwanza wa Medupi uliingia kwenye gridi kibiashara Agosti 2015, mradi wa umeme wa maji wa Ingula ukafuata, umeme wa upepo na jua kutoka kwa wazalishaji binafsi uliongezeka, na mahitaji ya viwanda yalishuka. Lakini tuseme hata sifa yote ni yake. Aprili 2016, akiwa kitini, Eskom iliilipa kampuni ya Tegeta, iliyohusishwa na akina Gupta, randi milioni 659 kama malipo ya awali ya makaa ya mawe, na fedha hizo zikaisaidia kampuni hiyo kukamilisha ununuzi wa mgodi wa Optimum. Mtendaji hodari ambaye njia yake ya kuingia haijulikani ni hatari kubwa zaidi kuliko mtendaji dhaifu, kwa sababu uhodari wake ndio unaowanyamazisha wanaotaka kuuliza.

Tarehe 2 Novemba 2016 ripoti ya Mtetezi wa Umma, ofisi inayochunguza matumizi mabaya ya madaraka serikalini, iliyoandaliwa na Thuli Madonsela, iliwekwa wazi. Iliorodhesha simu 58 kati ya Molefe na Ajay Gupta katika kipindi cha kuanzia Agosti 2015 hadi Machi 2016, na ikaonyesha kwamba simu ya Molefe ilinaswa mara 19 katika eneo la Saxonwold, mtaa walikokuwa wakiishi akina Gupta. Kesho yake kwenye mkutano na waandishi alibubujikwa machozi, na akagusia kwamba huenda kuna kilabu cha pombe mitaa hiyo. Siku chache baadaye akatangaza kuondoka.

Aliondoka vipi hasa?

Mwaka 2017 ulipoanza kila mtu alijua Molefe amejiuzulu. Aprili gazeti la Sunday Times likafichua kwamba Eskom imemkubalia mafao ya takriban randi milioni 30, ingawa alikuwa ametumikia shirika hilo kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mkataba wake ulikuwa wa miaka mitano. Bodi ilikuwa imekubali kumhesabu kama mstaafu wa mapema na kumnunulia miaka ya utumishi ambayo hakuitumikia.

Waziri Brown akasema hakuridhia, akazuia. Hapo bodi ikajikuta kwenye kona. Kama hakustaafu, basi makubaliano ya kustaafu yanafutwa. Na kama yanafutwa, bodi ikafikiri, bado ni mwajiriwa. Ndivyo alivyorudi 15 Mei. Waziri aliuunga mkono uamuzi huo, akieleza kwamba kumrudisha kazini kuna nafuu kwa hazina kuliko kumlipa mafao yale.

Angalia maelezo yalivyobadilika. Novemba alijiuzulu. Halafu ikawa amestaafu mapema. Kisha mbele ya mahakama ikadaiwa kwamba wakati wote ule, pamoja na miezi aliyokaa bungeni kama mbunge aliyeapishwa, alikuwa kwenye likizo isiyo na malipo. Kama maelezo matatu yote yanaweza kubandikwa juu ya mtu mmoja na tarehe moja, maana yake hakukuwa na waraka mmoja wenye nguvu unaosema mtendaji mkuu wa shirika kubwa kuliko yote nchini ametoka kwa sababu gani. Hili linaniumiza zaidi ya zile fedha. Mkataba wa mfagizi wa ofisi unasema wazi akiacha kazi anapata nini.

Vyama vya upinzani DA na EFF, pamoja na chama cha wafanyakazi cha Solidarity, vilikwenda mahakamani. Shinikizo lilipozidi, hata ndani ya ANC, Waziri akaitaka bodi ifute uamuzi wake, nayo ikafuta.

Tarehe 25 Januari 2018 jopo la majaji wa Mahakama Kuu mjini Pretoria lilitoa hukumu. Lilitengua uamuzi wa kumkubalia kustaafu mapema, likatengua na uamuzi wa kumrudisha kitini, likasema hakuwa na haki ya fedha za mfuko wa pensheni wa Eskom, na likamtaka arejeshe alichokwisha pokea ndani ya siku 10. Jitihada za kukata rufaa hazikufua dafu. Tume ya Jaji Raymond Zondo, ilipotoa sehemu ya ripoti yake inayohusu Eskom mwaka 2022, ilihitimisha kwamba kuondolewa kwa wale watendaji 2015 kulikuwa sehemu ya mpango wa kuliweka shirika mikononi mwa akina Gupta. Molefe amekuwa akikana kufanya kosa lolote.

Hukumu ile niliisoma kwa furaha na kwa huzuni. Furaha, kwa sababu mahakama ilikubali kwamba ajira ya mtendaji mkuu wa shirika la umma si siri ya watu wawili waliosaini mkataba. Wananchi wana haki ya kuishtaki. Huzuni, kwa sababu iligusa mafao na kurudi tu. Machi 2015 haikuwa mbele ya majaji hao, na watendaji watatu walioondolewa bila kosa hawakuwa na mtu wa kuwarudisha.

Majina mangapi?

Baada ya hapo Eskom ilipita kwenye mikono ya makaimu na watendaji wakuu kadhaa. Desemba 2022 André de Ruyter alitangaza kuondoka, na Februari 2023 alikuwa ameshatoka. Bodi mpya chini ya Mpho Makwana ikatafuta mrithi na kumpelekea Waziri Pravin Gordhan jina moja. Gordhan akalirudisha: katiba ya kampuni inataka achague miongoni mwa majina kadhaa, asiletewe moja akalisaini. Mvutano ukaendelea, Makwana akaondoka Oktoba 2023, na mkurugenzi wa fedha wa shirika, Calib Cassim, akakaimu kwa takriban mwaka mzima, tena mwaka ambao mgawo wa umeme ulikuwa mbaya kuliko wakati wowote.

Walimlaumu Gordhan kwa kuchelewesha, na lawama hiyo ilikuwa na haki yake. Mwaka bila mtendaji mkuu wa kudumu, katikati ya giza, ni gharama halisi. Bado naona alikuwa sahihi kulirudisha jina. Waziri anayeletewa jina moja ana njia mbili tu, kukubali au kukataa, na zote mbili hazimwachii nafasi ya kutoa sababu inayoweza kupimwa. Akiletewa majina matatu, analazimika kueleza kwa nini huyu na si yule, na maelezo hayo yanaweza kuombwa na Bunge, na ikibidi na mahakama. Kosa lake ni kwamba mvutano wenyewe uliendeshwa chini kwa chini, wananchi wakiupata vipande vipande magazetini. Barua ya kulirudisha jina ilistahili kutoka hadharani siku ileile ilipoandikwa.

Desemba 2023 jina likatangazwa, na tarehe 1 Machi 2024 mtendaji mkuu mpya akaanza kazi. Ni Dan Marokane, yule wa miradi mikubwa, mmoja wa wanne waliosimamishwa tarehe 11 Machi 2015 bila tuhuma yoyote. Wizara ya Mashirika ya Umma nayo ilivunjwa baada ya uchaguzi wa mwaka huohuo, na Eskom ikapelekwa chini ya Waziri wa Umeme na Nishati. Tume ya Zondo ilikuwa imependekeza chombo huru cha kuwachuja wanaoteuliwa kuongoza mashirika haya. Chombo hicho kikiundwa, kipewe pia mamlaka ya kuita faili la kila mtendaji anayesimamishwa, kabla kaimu wake hajakabidhiwa ofisi.